Elimujamii na Hadhira Yake: Simulizi za Wanawake wa Mvita

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wa pwani ya Kenya. Sheria hiyo iliuondoa utumwa mahakamani. Haikuuondoa barazani wala katika mashauri ya posa. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kufu iliendelea kupimwa kwa nasaba, hadhi ya babu ilibaki kuwa hoja dhidi ya mjukuu. Ni katika muktadha huu ambapo kazi ya Margaret Strobel na Sarah Mirza yapasa kusomwa.

Strobel alifanya utafiti wake Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1979 akatoa kitabu kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo kati ya 1890 na 1975. Hicho ni kitabu cha wanazuoni: sauti za wanawake zimo, lakini zinatumikia hoja ya mtafiti. Miaka kumi baadaye, Strobel na Mirza waliugeuza uhusiano huo. Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy ndio wanaosimulia, na wahariri wanarudi nyuma. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka 1989. La Kiswahili, *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, likafuata mwaka 1991.

Toleo hilo la 1991 ndilo lenye uzito zaidi, ingawa katika vyuo vingi ni lile la Kiingereza linalotajwa. Pale ambapo Kiingereza kina neno moja, Kiswahili kina ngazi nzima ya hadhi: mtumwa, ambaye jina lake lenyewe latokana na kutumwa, mzalia, aliyezaliwa nyumbani mwa bwana, suria, ambaye watoto wake kwa bwana ni huru kisheria. Bi Kaje anazungumza kama mjukuu wa waliomiliki watu, na Mishi kama mzawa wa waliomilikiwa. Kuzisoma simulizi zao sambamba, kwa maneno yao wenyewe, ni kutambua kwamba "wema wa bwana" ni dhana ambayo maana yake hutegemea nani anaitamka.

Si kwamba Mombasa ilikuwa haijawahi kujadili jamii yake hadharani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932, akaupima mji kwa mizani ya dini na maendeleo. Lakini wanawake walikuwa mada ya islahi hiyo kuliko kuwa wasemaji wake. Uwanja wao ulikuwa kwingine: katika unyago wa makungwi, ambao asili yake ni kwa wanawake wa ukoo wa kitumwa na ambao baadaye uliwavuta pia waungwana, na katika vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo. Strobel ameonyesha jinsi uzoefu wa kupanga ngoma ulivyotangulia vyama vya wanawake Waislamu vya miaka ya 1950 na madai ya kura kwa wanawake wa Kiarabu. Mhakiki anayeichukulia lelemama kuwa burudani tu ameikosa siasa yake.

Mwaka 2004 Michael Burawoy, akiwa rais wa chama cha wanaelimujamii wa Marekani, aliwataka wenzake wajenge mazungumzo na umma badala ya kuandikiana wao kwa wao. Kitabu cha 1991 kilikuwa kimekwisha kulijaribu jambo hilo, japo kwa kasoro. Kilichapwa Indiana, mbali na Kibokoni na Kuze; na mpangilio wa simulizi ni wa wahariri, si wa wasimulizi.

Suala la majina ni gumu zaidi. Desturi ya elimujamii ni kumficha mtoa habari. Hapa wanawake wanatajwa, na hivyo wanapewa hadhi ya waandishi ambayo jina la bandia lingewanyima. Hata hivyo, nasaba iliyotajwa kitabuni haitajwi kwa mtu mmoja. Wajukuu wanaishi katika mitaa ileile, wanaposa katika nyumba zilezile, na kitabu, tofauti na mafumbo ya lelemama, hakimwachii msikilizaji nafasi ya kujifanya hakuelewa.