Ndugu wawili wa Busia

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashushwa.)

MSIMULIZI: Leo tunakwenda Busia, mji wenye jina moja na serikali mbili. Ukivuka geti kutoka Kenya umeingia Uganda, na jirani yako bado anasema Kisamia kilekile. Huko walitoka ndugu wawili wa damu, watoto wa Kanoni Jeremiah Awori. Moody alikuwa mbunge upande wa Kenya, Aggrey upande wa Uganda.

Moody alichaguliwa Funyula mwaka 1983, akakaa na kiti hicho miaka 24. Hakuwa mtu wa kelele. Kwa muda mrefu alikuwa waziri msaidizi chini ya Moi, na watu walimwita Uncle Moody. Zama zile mbunge alipimwa kwa harambee: ametoa nini kwa shule, kwa zahanati, kwa karo ya mtoto wa fulani. Tena mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, wapiga kura nchini Kenya walipangwa mlolongo nyuma ya mgombea wao. Hebu fikiri: chifu anakuona, jirani anakuona, na yule uliyemkataa anakuona. Mimi utiifu wa namna hiyo sijui ungeupimaje, maana mapenzi na woga vilisimama kwenye foleni moja.

Aggrey alikuwa moto. Aliiwakilisha Uganda katika riadha kwenye Olimpiki za 1960 na 1964. Mwaka 1987 akaongoza waasi wa FOBA mashariki mwa Uganda. Baadaye aliingia bungeni kwa kura za Samia-Bugwe Kaskazini, na mwaka 2001 akagombea urais dhidi ya Museveni. Hakufikisha hata asilimia 2. Lakini nyumbani alikuwa na kiti, kwa kuwa alisema waziwazi yale ambayo wengine walinong'ona.

Tatizo la mpinzani ni kwamba hana cha kugawa. Serikali ilikuwa nacho: wilaya. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130. Busia yenyewe ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Wilaya mpya huja na makao makuu, ajira na bajeti. Pale Tororo, Waiteso wamedai wilaya yao kwa miaka mingi, huku wao na Wajopadhola wakivutana juu ya mji wa Tororo uende upande gani.

Mwaka 2006 Aggrey alipoteza kiti. Mwaka uliofuata akahamia NRM, chama alichokuwa akikipinga, na mwaka 2009 akafanywa waziri.

Na kaka yake? Mwaka 2003, Michael Wamalwa alipofariki, Moody akawa makamu wa rais wa Kenya. Anakumbukwa kwa kufungua milango ya magereza na kuwapa wafungwa magodoro. Ila Desemba 2007 alisimama upande wa Kibaki, wakati magharibi ya Kenya ilikuwa imechukuliwa na wimbi la ODM ya Raila. Funyula wakamchagua Paul Otuoma. Harambee zote zile hazikumwokoa.

Siku chache baadaye Kenya ikawaka. Maelfu walivuka mpaka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, wilayani Tororo, na baadaye wengi wakapelekwa Kiryandongo. Huenda wewe unayenisikiliza ulikuwa mmoja wao. Safari hii kura ilikuwa ya siri, hapakuwa na mlolongo. Lakini waliochoma nyumba hawakuhitaji kuona karatasi ya mtu. Walisikia jina lake, wakaamua wenyewe alimpigia nani.

(Muziki mfupi.)

Swali kwa vikundi vya wasikilizaji: mlipomchagua kiongozi wenu wa bloku, mliinua mikono au mlipiga kura ya siri? Nani aliamua iwe hivyo?