Walioshika Ngome

Watu wa Kitengela tukishuka Mombasa, mbio ni za ufuoni. Ingia basi makumbusho ya Fort Jesus uone vitu vya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977.

Lakini meli ilikuja kumwokoa nani? Waomani walizingira ngome kuanzia Machi 1696, na maradhi yakawafagia Wareno. Kabla msaada haujafika Septemba 1697, walioshika ngome ni Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hamsini, jamani! Na bado tunaiita vita ya Wareno na Waarabu.

Ngome ilianguka Desemba 1698.