Mhudumu wa Dharura za Akili (Eugene, Oregon)
Mtumishi katika tiba ya nafsi, ambaye mjini Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, tangu mwaka 1989, alitumika katika huduma ya zahanati ya White Bird iliyoitwa CAHOOTS, akimwendea mtu aliyerukwa na akili au aliyeazimia kujiua, akifuatana na muuguzi au tabibu wa huduma ya kwanza, pasipo silaha wala sare ya askari. Alifunzwa kwa mamia ya saa akiandamana na wazoefu. Kazi yake kubwa, nayo ndiyo ngumu kuliko dawa, ilikuwa kusema kwa upole na kusikiliza, labda akitoa maji au soksi kavu, kisha kumpeleka hospitali mwenye kuridhia. Huduma hiyo ilikoma mjini humo Aprili 2025.