Ugali wa Ufipa na namba 570

Wadau, leo ni historia, ila ya maabara. Wiki hii tumefundishwa kuchagua urefu wa wimbi la mwanga wa kupimia asidi amino kwenye kromatografia ya kimiminika, na mimi mtoto wa Sumbawanga akili ikakimbilia kwenye sahani ya nyumbani. Ufipa ya zamani ilikula ulezi. Mahindi yakaja yakatawala, hadi miaka ya 1980 Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne inayolisha taifa. Shibe ipo, sawa. Ila mahindi yana lisini na triptofani kidogo, na anayeumia ni mtoto anayekula ugali bila maharage.

Sasa hiyo lisini utaionaje? Asidi amino nyingi hazina rangi. Zinanyonya mwanga huko chini tu, karibu na nanomita 200, ambako karibu kila kitu kinanyonya. Ni kumtafuta mtu mmoja siku ya gulio!

Basi wakubwa wakaamua kuzivika rangi. Mwaka 1910 Siegfried Ruhemann wa Cambridge aligundua ninhidrini, inayozigeuza zambarau. Mwaka 1958 Spackman, Stein na Moore, kule New York, wakatangaza mashine inayojiendesha: inasoma zambarau kwenye 570, na pia 440 kwa ajili ya prolini, maana yenyewe hutoa njano. Ukibaki na 570 peke yake prolini inakuponyoka, na protini ya mahindi imejaa prolini! Stein na Moore walipata Nobel mwaka 1972.

Triptofani ndiyo yenye vituko. Inaonekana vizuri kwenye 280 bila kuvikwa chochote, lakini asidi ya moto tunayovunjia protini inaiharibu kabla haijafika kwenye mashine. Unaweza kuchagua wimbi sahihi kabisa na bado ukasoma sifuri, ndiyo maana yenyewe protini huvunjwa kwa alkali.

Vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyowaonesha Mertz, Bates na Nelson wa Purdue, mwaka 1964, kwamba mahindi yaitwayo opaque-2 yana lisini nyingi kuliko ya kawaida. Watafiti wa mbegu wakayaboresha miaka mingi, na hapa Tanzania zikatoka mbegu za Lishe, kama Lishe-K1 na Lishe-H1. Kwa macho punje zake huwezi kuzitofautisha na za mahindi mengine, hivyo wanaozalisha mbegu hizo inabidi waendelee kupima.