Jina Moja, Watu Wanne



Mzazi aletapo mtoto kanisani abatizwe, mara nyingi humpa jina la mtu mwenye sifa njema, akitumaini kwamba sifa hiyo itamfuata mtoto. Leo na tulitazame jina moja, Martin, jinsi lilivyochukuliwa na watu wanne.

Wa kwanza alikuwa askari wa Roma katika karne ya 4. Yasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali, langoni mwa mji wa Amiens, ambao sasa uko Ufaransa, aliona maskini akitetemeka. Akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa nusu. Baadaye alikuwa askofu wa Tours, akafa mwaka 397. Watu wakaishika tarehe 11 Novemba kuwa siku ya kumkumbuka.

Miaka zaidi ya elfu moja ikapita. Tarehe 10 Novemba 1483 alizaliwa mtoto huko Eisleben, Ujerumani. Kesho yake, siku ya Martin, akabatizwa, akapewa jina hilo. Huyo ndiye Martin Luther. Mwaka 1517 alipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, kisha akaitafsiri Biblia kwa Kijerumani ili watu wake waisome. Lakini tusifiche neno. Mwaka 1543 mtu huyo huyo aliandika kitabu cha chuki juu ya Wayahudi, akataka masinagogi yao yachomwe moto.

Mwaka 1934 mchungaji mweusi wa Atlanta, Marekani, jina lake Michael King, alisafiri hadi Berlin kwenye mkutano wa Wabaptisti wa ulimwengu. Baada ya safari hiyo alijulikana kwa jina la Martin Luther King, na mwanawe wa miaka 5 vivyo hivyo. Mwana huyo ndiye aliyewaongoza Wamarekani weusi kudai haki zao pasipo kumpiga mtu, mpaka alipouawa kwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968.

Na baba yake je? Alimzika mwanawe. Mwaka 1974 mkewe, Alberta, naye akapigwa risasi kanisani akiwa kwenye kinanda, akafa. Mzee huyo alikuwa na sababu nyingi za kuchukia, lakini alisema hatamchukia mtu. Pale Luther alipoanguka, aliyelichukua jina lake alisimama.

Ndugu zangu, Mithali 22:1 yatufundisha thamani ya jina jema. Jina twapewa na wazazi. Wema wake hutoka katika matendo yetu. Wewe waitwa Yohana, Daudi, Esta au Rebeka, na sisi sote twaitwa Wakristo. Jirani yako alisikiapo jina hilo, akumbuka joho lililogawanywa, au akumbuka chuki? Tujiulize neno hilo kabla ya kulala usiku wa leo.

Mungu awabariki.