Sare Iliyolinda Cheo

Wasikilizaji wetu, wako wadhanio kwamba mchezo wa sataranji usio na mshindi ni kazi bure. Sisi twasema sivyo. Mwaka 1951, mjini Moscow, Botvinnik, bingwa wa dunia tangu 1948, alishindana na Bronstein kwa michezo 24. Kushinda ni alama moja, sare ni nusu. Ilipobaki michezo miwili, Bronstein alikuwa mbele kwa alama moja. Botvinnik akashinda wa 23, wakalingana. Katika mchezo wa mwisho, baada ya hatua 22, walipatana sare. Jumla ikawa 12 kwa 12, na kwa kanuni bingwa akabaki na cheo chake. Bronstein hakushindwa, wala hakuwa bingwa wa dunia kamwe. Basi tusiidharau nusu.