Kuzuru maeneo ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari Rwanda: mambo anayopaswa kuyajua msafiri

Miongoni mwa vijana wanaopanda basi la usiku Kampala kuelekea Kigali, begi mgongoni na ramani katika simu, wako wanaofuata sokwe wa milimani, wako wanaofuata Ziwa Kivu, na wako pia waliotenga siku moja au mbili za kuzuru maeneo ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tarehe 20 Septemba 2023 shirika la UNESCO liliyaingiza manne kati ya maeneo hayo, yaani Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Makala haya yanaeleza kila eneo ni nini, linafikiwaje, na mgeni anatarajiwa kuwa na mwenendo gani.

Mauaji yalianza tarehe 7 Aprili 1994, siku moja baada ya ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa ilipokuwa ikikaribia Kigali, yakaendelea kwa takriban siku 100. Serikali ya Rwanda husema waliouawa ni zaidi ya milioni moja. Umoja wa Mataifa kwa muda mrefu umekuwa ukitaja zaidi ya 800,000. Wahutu waliokataa kushiriki, au waliowaficha majirani zao, nao waliuawa.

Gisozi, mahali pa kuanzia

Makumbusho ya Gisozi yamo ndani ya jiji la Kigali na yalifunguliwa Aprili 2004, katika maadhimisho ya mwaka wa 10. Katika makaburi ya pamoja yaliyoko nje wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kuingia hakulipiwi, anayetaka kifaa cha kusikilizia maelezo hulipa, na michango hupokelewa.

Ni busara kuanzia hapa kabla ya kwenda kwingine, kwa kuwa Gisozi ndipo historia inapoelezwa kwa mpangilio: jinsi utawala wa Wabelgiji ulivyoandika kabila katika vitambulisho miaka ya 1930, mauaji na uhamisho wa kuanzia mwaka 1959, propaganda ya gazeti la Kangura na ya redio RTLM, kisha siku 100 zenyewe. Kwa sisi tunaoishi kwa maikrofoni, sehemu ya RTLM haipitiki upesi. Redio ile ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu waliopendwa. Wasikilizaji waliizoea kwanza, ndipo ikaanza kutaja majina ya watu na mahali walipojificha. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu wa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, Tanzania, iliwatia hatiani wakuu wa vyombo hivyo viwili vya habari Desemba 2003.

Ghorofani kuna vyumba vinavyoeleza mauaji ya kimbari ya kwingineko, yakiwamo ya Waherero huko Namibia na ya Wayahudi barani Ulaya. Kisha kuna sehemu ya watoto: picha kubwa, jina, umri, chakula alichokipenda mtoto, na namna alivyouawa. Watu wengi hutoka hapo bila kusema neno. Bustani ya nje ina viti; usione haya kuvitumia.

Nyamata na Ntarama

Wilaya ya Bugesera, kusini mwa Kigali, ilikuwa na Watutsi wengi kwa sababu serikali iliwahamishia huko kwa nguvu kuanzia mwaka 1959, wakati eneo hilo likiwa pori la mbung'o. Yaani watu walikusanywa mahali walipodhaniwa wangekufa kwa ugonjwa wa malale. Hawakufa, wakalima, wakajenga. Machi 1992 waliuawa wengi kati yao. Mwanamke wa Kiitaliano aliyekuwa akiishi Nyamata, Antonia Locatelli, aliviarifu vyombo vya habari vya nje kwa simu kuhusu yaliyokuwa yakitendeka, naye akauawa kwa kupigwa risasi. Kaburi lake liko kando ya kanisa. Msafiri asilipite kaburi hilo, maana linaonyesha kwamba Aprili 1994 haikuzuka ghafla, na kwamba kulikuwa na aliyepaza sauti miaka miwili kabla.

Kanisa la Nyamata liko umbali wa takriban kilomita 35 kutoka Kigali, na mabasi madogo huenda huko mchana kutwa. Watu walilikimbilia mwaka 1994 kwa sababu katika mauaji ya miaka ya nyuma makanisa yalikuwa yamewanusuru waliojificha humo. Safari hii wanajeshi na wanamgambo wa Interahamwe walilivunja lango kwa vilipuzi. Takriban watu 10,000 waliuawa ndani na kulizunguka kanisa hilo. Pamoja na wale waliokusanywa kutoka vijiji vya jirani, waliozikwa hapo ni zaidi ya 45,000.

Ndani, nguo zao zimerundikwa juu ya mabenchi. Zimefifia zote hadi kufanana rangi, rangi ya udongo. Ukitazama juu utaona matundu madogo yaliyotobolewa na vipande vya guruneti katika paa la mabati. Jua likiwaka, nuru hupenya kwa nukta nukta na kutua juu ya nguo hizo. Kitambaa cha altare kimebaki na madoa. Ngazi zinateremka kwenye vyumba vya chini vyenye majeneza na mafuvu.

Nilipofika Nyamata mara ya kwanza tulikuwa kundi dogo la wageni tusiojuana. Mmoja wetu, kijana mpole tu, aliinua simu yake akielekea kupiga picha ya mafuvu. Mwongozaji hakumkemea. Aliifunika simu ile kwa kiganja chake, akakiacha hapo kwa muda, kisha akaendelea na maelezo kutoka pale alipokuwa amekatiza. Baadaye tulipokuwa tukingojea gari nilifahamu kuwa mwongozaji yule alikuwa na ndugu zake mle ndani.

Ntarama iko njiani, kabla ya kufika Nyamata. Ni kanisa dogo la matofali, na watu wapatao 5,000 waliuawa hapo tarehe 15 Aprili 1994. Maeneo haya mawili yanaweza kuzuruliwa kwa siku moja. Kuongeza la tatu siku hiyohiyo, kwa maoni yangu, ni kosa: macho yataona, lakini akili itakuwa imekwisha kufunga mlango.

Murambi

Murambi iko karibu na mji wa Nyamagabe, zamani Gikongoro, kusini mwa nchi. Msafiri hupanda basi hadi Huye, kisha jingine hadi Nyamagabe. Ilikuwa shule ya ufundi ambayo ujenzi wake haujakamilika. Viongozi wa eneo waliwaelekeza Watutsi waende huko wakiwaahidi ulinzi. Maji yakakatwa, watu wakadhoofika kwa njaa na kiu, na tarehe 21 Aprili 1994 wakashambuliwa. Makadirio ya waliouawa hufikia 50,000. Baadaye wanajeshi wa Ufaransa wa Operesheni Turquoise walipiga kambi katika uwanja huohuo.

Mamia ya miili iliyofukuliwa ilihifadhiwa kwa chokaa, na ndiyo sababu Murambi ni zito kuliko maeneo mengine yote. Hakuna kioo cha maneno kati yako na unachokiona. Miongoni mwa Wanyarwanda wenyewe pamekuwa na mjadala wa miaka mingi: wapo manusura wanaotaka kila mwili upewe maziko, na wapo wanaosema miili ibaki ili asipatikane wa kukanusha. Mgeni hana kura katika jambo hilo. Lakini hakuna anayelazimishwa kuingia kila chumba, na kumwambia mwongozaji kwamba umefika mwisho wa uwezo wako si utovu wa adabu.

Bisesero

Walio wengi hawafiki Bisesero kwa kuwa iko mbali, katika milima ya Wilaya ya Karongi, juu ya Ziwa Kivu, na usafiri wa umma ni haba. Aghalabu inambidi mtu akodi gari au pikipiki kutoka mji wa Karongi. Anayefika huko hukuta habari tofauti. Wafugaji wa milima hiyo walipigana. Waliongozwa na mzee Aminadabu Birara, wakatumia mawe, mikuki na marungu dhidi ya watu wenye bunduki, na mbinu yao ilikuwa kuwasubiri washambuliaji wakaribie kabisa kisha kujichanganya nao, ili wenye bunduki wahofie kuwapiga wenzao. Walistahimili kwa majuma kadhaa, hadi shambulizi kubwa la katikati ya Mei lilipowavunja nguvu. Birara aliuawa Juni.

Mwishoni mwa Juni wanajeshi wa Ufaransa walikutana na mabaki ya watu hao, wakawaahidi kurudi, wakaondoka. Walirejea baada ya siku tatu, na katika siku hizo tatu wengi waliokuwa wamejitokeza waliuawa. Makumi ya maelfu walikufa katika milima ile. Aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, Clément Kayishema, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Arusha Mei 1999.

Kumbukumbu yenyewe imejengwa kama njia ya kupanda mlima. Chini kuna mikuki tisa iliyozungukwa na mawe. Kisha vijumba tisa vinavyowakilisha tarafa tisa za Kibuye ya zamani. Juu kabisa ni makaburi. Mtu hufika akihema, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Mwenendo na taratibu

Upigaji picha ndani ya majengo hauruhusiwi bila idhini, na mahali pengine idhini hiyo hulipiwa. Nje waweza kupiga, lakini picha ya kujipiga mwenyewe ukitabasamu mbele ya kaburi la pamoja itakufuata. Vaa nguo za heshima. Acha begi kubwa katika nyumba ya wageni, kwani mizigo hukaguliwa. Usimuulize mtu kabila lake. Vitambulisho vya Rwanda vya leo havina kipengele hicho, na swali hilo halichukuliwi kuwa la kirafiki. Kukanusha au kubeza mauaji ya kimbari ni kosa la jinai.

Kuanzia tarehe 7 Aprili nchi huingia katika juma la maombolezo, linaloitwa Kwibuka, ambalo maana yake ni kukumbuka. Muziki na sherehe husimama. Anayetaka safari ya burudani achague wakati mwingine. Aidha, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na shughuli nyingi, usafiri ukiwamo, husimama hadi karibu na adhuhuri.

Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka baina ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na magari hupita kulia. Ukiteremka Nyabugogo tazama upande usiouzoea. Waongozaji wengi hutumia Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hata hivyo anayekihitaji aulize mapema. Kwa mazungumzo ya Kiswahili nenda jioni Nyamirambo, mtaa wa Waislamu wengi, ambako familia kadhaa ziliwaficha majirani mwaka 1994.

Neno moja kuhusu maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Jina lililopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ni mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Wakati mwingine sisi wafasiri huandika «machafuko ya Rwanda» au «vita vya kikabila» kwa kuwa ni mafupi. Ufupi huo humfuta aliyeuawa na humficha aliyeua. Kwa sababu iyo hiyo napendelea kuandika «waliouawa» badala ya «wahanga», kwani kujitoa mhanga ni hiari, na hapakuwa na hiari.

Kumbukumbu zilizoko kwetu

Anayerudi Uganda hajayaacha maeneo haya nyuma. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akisema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato ya Mto Nyabarongo. Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera huingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda, karibu na mwalo wa Kasensero. Mwaka 1994 miili ilielea hadi huko kwa maelfu. Wavuvi na wanakijiji waliitoa majini, mara nyingi kwa mikono mitupu, wakaizika. Samaki walikosa mnunuzi kwa miezi kadhaa.

Leo kuna makaburi ya kumbukumbu matatu: Kasensero, Lambu katika Wilaya ya Masaka, na Ggolo katika Wilaya ya Mpigi, ambamo kwa jumla wamezikwa zaidi ya watu 10,000. Hakuna mabasi ya watalii yanayokwenda huko. Ggolo ndiyo iliyo karibu zaidi na Kampala, na safari ya kwenda na kurudi humalizika kwa siku moja. Kila mwaka katika kipindi cha maombolezo Wanyarwanda waishio Uganda hufika kuweka maua, pamoja na wenyeji. Walio wengi makaburini humo hawana majina, kwa kuwa waliletwa na mto bila karatasi yoyote, na waliowazika hawakuwajua.